Mgongo wa Nyumba

Kaka yangu aliponiomba nikampigie picha nyumba yake, jambo la kwanza alilofanya ni kutoa makochi nje.

Nilifika Samuye asubuhi nikiwa na begi la kamera na stendi yake, nikakuta uwanja wa mbele umepangwa kama mnada. Makochi yalikuwa pembeni ya baraza, meza ya kioo katikati, na juu ya meza televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Pikipiki ilikuwa imeoshwa mpaka matairi. Bibi yetu mzaa baba alikuwa amekalia kochi kubwa kuliko yote, amevaa kitenge chake cha kanisani, mikono juu ya magoti, anatazama barabarani kana kwamba kamera ingetokea huko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mayu. Nikae hivi hivi au nisogee?"

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Bibi huwaita hivyo wasichana wote, hata wanaonyonya.

"Bibi, kwani tunahama?"

"Mimi sijui. Nimeambiwa nyumba inapigwa picha, nikatolewa pamoja na makochi."

Kaka akatokea mlangoni amekumbatia jiko la gesi.

"Na hilo nalo?" nikamwuliza.

"Sasa watu watajuaje kama ndani tuna jiko la gesi?"

Nilitaka kucheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko nilivyopenda. Kupiga picha majengo ndiyo kazi yangu. Nilisoma sosholojia chuo kikuu, nikatoka huko na shahada pamoja na tabia ya kuuliza maswali ambayo hayajawahi kumpatia mtu ajira. Upigaji picha niliuokota njiani. Mkandarasi mmoja wa mjini Shinyanga alitaka picha za majengo aliyoyamaliza, nikamwambia naweza, kisha nikaenda haraka kujifunza.

Nilijifunza kwamba ukuta lazima usimame wima ndani ya picha. Ukiinua kamera kidogo tu ili ulipate paa, kuta zinaanza kuegemeana huko juu kama walevi wanaosindikizana nyumbani. Nilijifunza pia kungoja jua. Bati jipya saa sita mchana halipigiki, linakurudishia mwanga wote machoni kama mtu asiyetaka kuulizwa. Kisha nikajifunza kutoa watu, na hilo ndilo lililonishinda kulielewa. Mkandarasi alikuwa akisimama nyuma yangu akiamrisha: toa ndala hizo, toa ndoo, mwambie huyo mama apishe. Siku moja nikamwuliza nyumba isiyo na ndoo inakaliwa na nani. Akafikiri kidogo, akajibu, "Hiyo siyo ya kukaliwa. Ni ya kalenda."

Basi mkandarasi anatoa kila kitu nje ya picha, na kaka yangu anatoa kila kitu nje ya nyumba ili kiingie kwenye picha. Wote wawili wanaapa kwamba hiyo ndiyo nyumba. Nilikuwa sijaamua ni nani kati yao anayedanganya zaidi.

Kaka ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Ana sehemu yake kwenye duara, yaani shimo wanaloshuka kwa zamu, na kwa miaka kadhaa kila duara lilipotoa chochote, yeye alikigeuza kuwa matofali. Kule kambini wanalala kwenye vibanda vya maturubai. Jioni wakishaoga, kila mwanamume hutoa simu na kuonyesha nyumba yake ya kwao. Mwenye msingi anaonyesha msingi. Mwenye lenta anaonyesha lenta. Kaka alikuwa amepanda ngazi zote hizo mpaka kwenye bati, na sasa alitaka picha iliyopigwa na mtu aliyesomea. Nilimkumbusha kwamba sikuisomea. Akasema kule kambini hawajui.

Lakini kambi ilikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ilikuwa msichana wa Buseresere.

Msichana huyo anauza duka la vifaa vya ujenzi pale kwenye barabara ya kwenda Biharamulo. Kaka aliingia dukani kwake mara ya kwanza kununua misumari. Kisha akarudi kununua misumari. Kuna wakati alikuja nyumbani likizo na mzigo wa misumari ambao ungetosha kujengea kanisa, na Bibi akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko machimboni siku hizi watu wanalipwa misumari. Mwisho wa yote wakaelewana. Kilichobaki ni posa, na njia ya posa ilipita kwa mama yake, mwenye nyumba ya wageni kule Ushirombo. Mama huyo alikuwa ametoa sharti moja tu: hatapokea ujumbe wa posa kabla hajaiona nyumba atakayokaa mwanawe. Na kwa kuwa hakuweza kuifunga gesti yake hivi hivi akasafiri, atumiwe kwanza picha.

Kwa hiyo tukapiga picha ya mbele. Nilirudisha televisheni na jiko ndani, pikipiki nikaiacha kwa huruma, na Bibi nikamwacha kwa sababu alikataa kuondoka. Nyumba ilipendeza: plasta laini, rangi ya maziwa, nguzo za baraza zimesimama wima. Kaka akaituma mchana huo huo. Jibu lilikuja kwa sauti, tukalisikiliza tukiwa tumeinamia simu.

"Asante, baba, nimeiona. Nyumba nzuri, na bibi mzuri. Sasa nitumie mgongo."

Kaka akanitazama. "Mgongo wa Bibi?"

"Wa nyumba," nikamwambia.

Akakaa kwenye kochi, ambalo bado lilikuwa nje.

Kwetu nyumba huwa inavalishwa kuanzia mbele. Mtu akipata saruji anapiga plasta upande wa barabarani, akipata tena anapaka rangi upande huo huo, na nyuma matofali yanabaki wazi yakingoja zamu yao, ambayo wakati mwingine haifiki. Ya kaka ilikuwa hivyo. Mbele ilikuwa bwana harusi. Nyuma kulikuwa na matofali ya kuchoma yasiyo na plasta, jiko la nje la Bibi lenye masizi mpaka kwenye bati, kihenge cha mahindi, kamba ya nguo, beseni, na kuku wasiokuwa na haya.

"Yule mama ana akili," nikasema. Mkandarasi hakuwahi kuniomba nyuma hata siku moja, wala mimi sikuwahi kufikiria kumpelekea.

"Wewe usimsifie. Nisaidie."

Mawazo yake yalikuja mfululizo. Kwanza tupige plasta leo. Nikamwambia plasta mbichi inaonekana nyeusi kwenye picha, na mtu mwenye gesti anajua rangi ya plasta iliyopigwa kwa hofu. Basi tuufunike ukuta kwa vitenge. Bibi akasema vitenge vyake havikununuliwa kuvalisha matofali. Kisha kaka akashusha sauti.

"Nyumba ya jirani nyuma ina plasta."

"Upeleke posa kwa mgongo wa jirani?"

"Ni wa siku moja tu, mdogo wangu!"

"Akija je? Utamwambia nyumba imegeuka?"

Bibi alicheka mpaka akajishika ubavu. Kaka akaona ameshindwa, akachukua panga akaenda kupunguza ua wa minyaa, walau uwanja uonekane msafi. Ua huo unatoka shambani na kuishia karibu kabisa na kona ya nyuma ya nyumba. Ulikuwa umeota vibaya, vijiti vya kijani vimesongamana mpaka usawa wa bati. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni utalia mpaka kesho, kwa hiyo kaka alivaa miwani yake ya jua ya kutembelea mjini, akawa anakata ua kama msanii aliyepotea njia.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuutazama ukuta.

Kilikuwa kiangazi, na upande wa nyuma unatazama magharibi. Mchana ukuta ule ulikuwa wa kawaida kabisa, hata ungeuita mchafu. Saa kumi ilipopita jua likaanza kuupapasa kutoka kushoto, kwa ubavu, na kila tofali likatokeza peke yake. Hayakuwa na rangi moja. Yaliyokaa karibu na moto wa tanuri yalikuwa na weusi wa zambarau, ya katikati mekundu, ya pembeni kama ngozi ya kiazi kitamu. Utando wa masizi juu ya jiko la Bibi ulikuwa laini kama kivuli cha wingu. Kizingiti cha mlango wa nyuma kilikuwa kimelika katikati, ingawa nyumba si ya zamani, kwa sababu huko ndiko watu wanakopita kweli. Kizingiti cha mlango wa mbele kilikuwa bado kina ncha kali kama siku kilipomwagwa.

Nilikaa pale nikijiuliza kwa nini nimekuwa nikipiga mbele miaka yote hii. Nimepiga vituo vya mafuta, nimepiga hoteli za ghorofa za Kahama, na kila mara nimeondoka na uso. Uso wa nyumba umetengenezwa kwa ajili ya wapita njia. Wanaoishi humo wameandika habari zao upande wa pili, kwa masizi na kwa visigino, na hakuna anayewaomba picha.

Mwanga ulikuwa unaiva. Kaka alikuwa amefika mwisho wa ua, amebakiza tawi moja refu pale kwenye kona, panga limeinuliwa.

"Toka hapo!" nikapiga kelele. "Toka, kivuli chako kinaingia!"

"Nimalize hili moja..."

"Liache! Mwanga unaondoka!"

Akatoka. Bibi akapita na beseni lake, sikumzuia. Nikapiga. Kuku mmoja alisimama kwenye kizingiti kama mwenye nyumba. Nikijisifu mwenyewe, ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga, na kaka alipoiona kwenye kioo cha kamera alivua miwani, akasema polepole, "Kumbe nina nyumba."

Tukaituma. Tukangoja. Bibi akatenga ugali na mlenda, tukala simu ikiwa katikati yetu kama mgeni. Ilipolia, kaka alifuta vidole kwenye suruali.

"Nimeona, baba," ilisema sauti ya Ushirombo. Haikuwa na hasira, ilikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Matofali mazuri. Jiko zuri. Lakini nimeuona na ufa. Unaanza juu chini ya bati, unateremka mpaka karibu na dirisha. Mwanangu hatalala kwenye nyumba yenye ufa. Samahani sana."

Kaka hakumaliza tonge lake.

Mtu asiyeijua Shinyanga anaweza kuona ni jambo dogo. Huku tuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka unaweza kuingiza mkono kwenye mwanya. Nyumba ikikosewa msingi kwenye udongo huo, ardhi inaitafuna taratibu. Ufa unaotoka kwenye bati kwenda dirishani si mapambo. Kaka alichukua tochi ya kichwani anayoshukia nayo duarani, akaenda nyuma, akaupapasa ukuta mzima kwa viganja kama mtu anayetafuta swichi. Hakupata kitu. Akarudi, akanyakua kamera, tukaikuza picha mpaka matofali yakawa vidoa.

Ufa ulikuwepo. Mstari mwembamba wa kijivu, umejipinda, umegawanyika mara moja kama ulimi wa nyoka, unashuka pale pale alipoeleza.

"Umeniharibia nyumba," kaka akaniambia.

"Mimi nimepiga kilichokuwepo."

"Basi kiko wapi?"

Siku iliyofuata mchana niliusoma ukuta ule tofali kwa tofali. Mzima. Nikaketi kwenye beseni lililogeuzwa nikangoja. Saa kumi na moja ilipokaribia, ufa ukatoka. Ulianza kama ukungu chini ya bati, ukakolea, ukashuka taratibu kuelekea dirishani huku nikiutazama. Nikageuka kushoto. Pale kwenye kona, peke yake baada ya ndugu zake wote kukatwa, lilisimama lile tawi moja la mnyaa.

Ua ulipokuwa umesongamana, kivuli chake kilikuwa kivuli cha ua, na hakuna ambaye angekikosea. Tuliposafisha ili picha ipendeze, tukabakiza kijiti kimoja, na kijiti kimoja kikageuka ufa. Tawi lenyewe lilikuwa nje ya picha kwa hatua chache tu. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba haliingii.

Kaka alipoona, alirukaruka. Akamrekodia mama mkwe mtarajiwa maelezo marefu yenye neno kivuli kila baada ya pumzi. Nikapiga picha nyingine asubuhi, ukuta umetulia, hauna hata mstari. Tukaituma.

"Mmeufuta," ikajibu Ushirombo.

Tukatuma video, kaka akipitisha mkono ukutani.

"Na video siku hizi zinatengenezwa. Mpangaji wangu mmoja hapa alinionyesha simba anaendesha trekta. Na hata kama hamkuufuta, mnaweza kuwa mmeuziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa ajili ya picha."

Kaka akaitupa simu kwenye kochi. Mimi nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekutana na mtu anayeuliza kuliko mimi.

Nikampigia mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Picha zako nzuri. Ndiyo maana siziamini."

Nikamwuliza angeamini nini. Nikasikia mtu upande wake akiuliza funguo za chumba. Akamjibu, kisha akarudi kwangu na sauti nyingine, ya chini. Alinieleza kwamba alipoolewa, alionyeshwa nyumba kwa mbele tu. Ilikuwa na rangi. Nyuma kulikuwa na ufa, na kila alipouonyesha aliambiwa ni wa zamani, hauendi popote. Masika ya kwanza ukuta ule ulilala chini, kwa bahati mchana, yeye akiwa kisimani na mtoto mgongoni. "Mtoto mwenyewe ndiye huyo kaka yako anayemtaka," alisema. "Sasa wewe uliyesoma niambie, niamini picha?"

Nilikuwa nimejiandaa na hoja. Nilitaka kumweleza kuhusu pembe ya jua na upana wa lenzi. Zote zikaniishia mdomoni. Ningekuwa mimi, nami nisingeamini.

"Usiamini, Mama," nikamwambia. "Njoo uone. Ila nakuomba jambo moja. Uje uwepo saa kumi na moja jioni, siku ya jua."

"Kwa nini saa hiyo?"

"Kwa sababu ndiyo saa ufa unapotoka."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Wewe binti una wazimu. Nitakuja."

Kaka alipopata habari alishika kichwa. "Yaani umemwalika mama mkwe wangu aje kutazama ufa? Watu wanaalika wageni kula wali, wewe unaalika kwenye ufa!" Akaenda moja kwa moja kuchukua panga, na mimi nikamkimbilia, tukavutana pale kwenye kona kama watoto. Bibi ndiye aliyeamua. Alikuja na kigoda chake, akakiweka chini ya lile tawi, akakaa.

"Likate," alisema.

"Bibi, sogea basi."

"Sisogei. Ukilikata, atafika, ataukosa ufa, na atajua mmeuziba. Mpaka anazeeka atajua hivyo. Liache lisimame lijieleze lenyewe."

Tangu siku hiyo mpaka ya ugeni, Bibi alihamishia pale kazi zake zote. Alichambua mboga pale, alisuka kili za mkeka pale, alisinzia pale. Kaka alimwita mlinzi wa tawi.

Walifika siku yenye jua kali, mama, binti yake, na mjomba mmoja mpole ambaye tangu anashuka garini hakuacha kutazama pikipiki. Walitoka Ushirombo asubuhi wakapitia Kahama. Mama alikuwa mfupi, mnene kiasi, ana mkoba mkubwa, na viatu vya mtu anayepanda ngazi mara nyingi. Kaka alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Aliwakaribisha barazani, mlango wa mbele umefunguliwa wazi, makochi safari hii yakiwa ndani.

"Karibuni sana, karibuni ndani."

"Asante, baba. Saa ngapi sasa?"

"Kumi na moja kasorobo."

"Basi nitakaribia nikitoka huko," akasema, akaupita mlango, akazunguka nyumba.

Tulimfuata wote. Ufa ulikuwa umeshatoka. Ulikuwa mzuri kuliko siku zote, mkali, mweusi, umegawanyika kama nilivyouona kwenye picha. Mama akasimama. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Si huo?" akasema polepole. Hakusema kwa ushindi. Alimtazama binti yake kama mtu anayemwomba radhi.

Kaka alifungua mdomo, Bibi akamgusa mguu kwa fimbo, naye akaufunga.

Mama akausogelea ukuta. Akaweka mkoba chini, akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya ufa, pale ulipokuwa mnene zaidi, vidole vimetanuliwa, kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto. Ufa ukapanda juu ya mkono wake. Ulipita kwenye vidole, ukavuka pete, ukateremka kwenye kifundo, ukaendelea chini ukutani kana kwamba mkono haukuwepo.

Akautazama mkono wake. Akauondoa, akaurudisha. Akaugeuza kiganja juu, ufa ukalala kiganjani. Ndipo akageuka taratibu kushoto, macho yakapanda kutoka kigoda, kwa Bibi, mpaka kwenye tawi.

"Hiki kijiti?" akauliza.

"Hicho," Bibi akajibu. "Nimekilinda siku zote hizi. Sasa naweza kwenda kulala?"

Mama alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kusimama, akamwegemea binti yake, na binti naye akacheka, na mjomba akacheka bila kujua kwa nini. Kaka hakucheka. Alikuwa amekaa chini kwenye udongo na shati lake jeupe.

Nilikuwa nimesahau kamera. Nikakimbia kuichukua, nikamwomba mama aweke mkono tena. Akaweka, akauliza kama atoe mkoba, au asogeze ndala za Bibi zilizokuwa karibu na mguu wake. Nikamwambia asiguse chochote.

Alipomaliza kupigwa picha aliendelea kukagua. Alisugua saruji kati ya matofali kwa ukucha. Alichungulia jikoni akasalimiana na masizi. Alikanyaga kile kizingiti kilicholika mara mbili tatu, akaguna kwa namna niliyoipenda. Kisha akaangalia juu, na uso wake ukakaza.

"Ufa hakuna," alisema. "Lakini gata yenu imeishia hapa. Maji ya bati lote yanamwagikia kwenye msingi. Kwenye udongo huu! Masika mawili, na huo ufa mtauona kweli, hata usiku."

Sote tukatazama juu. Ilikuwa kweli. Nimeikodolea macho ile picha kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, na gata ilikuwepo humo tangu mwanzo, imekatika hewani.

"Posa nitaipokea," mama akaendelea, "gata ikishafika chini."

Hapo kaka akainuka. Ngazi ilikuwa kwa jirani, akaenda nayo mbio. Kipande cha gata kilikuwa stoo, alikinunua zamani, na sikuhitaji kuuliza alikinunua wapi. Misumari haikuwa tatizo. Alipanda na shati lake jeupe, mama akaishika ngazi kwa mikono miwili, na binti akasimama chini ameshika kiuno.

"Umeweka kona ya wapi hiyo?" alimpigia kelele. "Nilikuuzia ya kushoto!"

"Ndiyo hii!"

"Hiyo ya kulia! Igeuze! Mjomba, mwambie aigeuze!"

Mjomba alikuwa mbele, kwenye pikipiki.

Nilirudi nyuma mpaka kwenye ua, nikaiweka kamera kwenye stendi. Kwenye kioo kulikuwa na ngazi iliyoegama, kaka bila kichwa kwa sababu kichwa kilikuwa kimepita ukingo wa juu wa picha, mama mkwe, ndala, beseni, kuku, na kivuli cha tawi kimeshavuka dirisha kinaelekea jikoni. Mkandarasi angetoa kila kitu. Nikahakikisha ukuta umesimama wima, nikapiga.